Binti wa kiwandani Kambodia anaadhibiwa kwa kosa la nani?

Fundi_Chikongola: Wakuu habari za jioni. Mi fundi cherehani hapa Mtwara, mitumba ndo inanilisha, nafinya viuno, napandisha pindo. Juzi kuna belo limefunguliwa, jinzi karibu zote lebo Kambodia. Nikasoma kidogo, kumbe Agosti 2020 Ulaya waliwaondolea msamaha wa ushuru kwenye karibu asilimia 20 ya bidhaa zao kisa upinzani unabanwa. Sasa anayebana ni mkubwa wa nchi, anayekosa oda ni binti wa kiwandani, hii imekaaje?

Mzee_Mikindani: Binti kaonewa, ila mwanangu shinikizo la soko liliwahi kuwafaa haohao. 1999 walikubaliana na Marekani kwamba viwanda vikiheshimu haki za wafanyakazi nchi inaongezewa kiasi cha nguo za kuuza kule, na 2001 ILO, lile shirika la kazi duniani, wakaanza kukagua. Hapo ilikuwa zawadi. Mwanzoni mwa 2005 ule ukomo wa kiasi cha nguo ambacho kila nchi inaruhusiwa kuuza nje ukafutwa duniani, zawadi ikafa, ikabaki bakora.

DadaNewala: Mzee wangu shikamoo, ila wakaguzi usiwape sifa zote. Januari 2014 wafanyakazi wa viwanda vya nguo waligoma Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wanataka kima cha chini dola 160 kwa mwezi, wakapigwa risasi barabara ya Veng Sreng, wakafa wasiopungua wanne. 2025 kimefika 208, na hiyo wameipigania wenyewe barabarani.

Nangurukuru_boy: Mbona Mchina hamumtaji?? Viwanda vingi vyake, vitambaa vinatoka kwake, barabara anajenga na hana maswali ya upinzani wala mgomo, ila nguo zikishashonwa wanunuzi wakubwa ni Marekani na Ulaya. Ndo maana Trump alivyotangaza ushuru wa asilimia 49 kwa bidhaa za Kambodia Aprili 2025, Kambodia walikimbia fasta kuongea naye mpaka ukashuka 19. Urafiki Beijing, tumbo Washington 😂

Fundi_Chikongola: Kama sisi na korosho ghafi basi, wa India na Vietnam wakisusa mnada Masasi nzima ada ya shule inasimama.

DadaNewala: Na anayebangua je? Mama yangu mdogo kabangua miaka, analipwa kwa kilo, vidole vimebabuka na mafuta ya ganda, majivu ndo glavu zake. Mkulima ana AMCOS, chama chake cha ushirika, cha kumsemea. Cha wabanguaji huku kwetu mi sijakiona, mwenye nacho Lindi au Tandahimba atuambie.