Msaada: nahau za Kiingereza za mtu aliyejiharibia mwenyewe mnazitafsirije?

UkiliMwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Natafsiri kijitabu cha mafunzo ya biashara ndogo kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa huku Pangani. Mwandishi ni Mwingereza, na sura ya nne, inayoeleza kwa nini biashara hufa, ameijaza nahau mwanzo mwisho. Mtu anajipiga risasi mguuni. Mwingine anapaka sakafu rangi mpaka anajibana konani. Wa tatu anakata pua yake ili aukomoe uso wake. Yupo anayechoma madaraja aliyopita, yupo anayelipuliwa na baruti yake, na mwisho biashara inaelea tumbo juu.

Rasimu ya kwanza nilifuata neno kwa neno. Jumamosi nikaenda kuwasomea kina mama fulani wanaokaanga samaki. Nilipofika pale penye "Asha alijipiga risasi mguuni", mama mmoja aliyekuwa anapara magamba ya changu akasimamisha kisu, akaniuliza: "Bunduki aliipata wapi?" Hakuwa anatania. Wenzake wakaanza kubishana kama Asha huyo ni mke wa askari. Somo lenyewe, kwamba Asha alikopesha ndugu zake mzigo wote mpaka duka likabaki mbao tupu, likapotelea hapo hapo.

Imeniuma sana, maana wale walikuwa wameacha biashara zao kuja kunisikiliza. Nishike picha ya Mwingereza, niweke methali zetu, au niseme kavu kavu? Mwisho wa mwezi kinakwenda kiwandani kuchapwa. Naomba kuwasilisha.

KalamuYaTanga

Pole dada. Nimefanya kazi hii miaka mingi na hilo swali la bunduki ni zuri kuliko unavyodhani. Usiutazame mguu wala risasi. Tazama kosa la huyo mtu limetoka wapi: uzembe, hasira, hila au tamaa? Kiingereza kina nahau yake kwa kila moja na sisi tunazo zetu, ila ukizichanganya unamhukumu mtu kwa kosa ambalo si lake.

Anza na hiyo ya risasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, walikuwepo askari waliojipiga risasi mguuni au mkononi kwa makusudi ili waondolewe mstari wa mbele. Jeshi la Uingereza lilihesabu kuwa ni kosa la kushtakiwa mahakama ya kijeshi. Leo Mwingereza akiitumia hana habari ya makusudi tena. Anamsema mtu aliyejidhuru kwa kutofikiri. Kwa hiyo Asha "alijipalia makaa". Hao kina mama bunduki hawaijui, lakini makaa wanayapalia juu ya mfuniko kila wanapopika mkate wa kumimina, na wanajua yakimwangukia mtu yanafanya nini.

Ya baruti ni jambo lingine kabisa. Inatoka kwa Shakespeare, katika Hamlet, tamthilia ya mwaka 1600 hivi. Petadi ilikuwa chombo cha chuma kilichoshindiliwa baruti, kinabandikwa kwenye lango la ngome ili kulivunja, na mara nyingine kililipuka kabla fundi wake hajakimbia. Hamlet anawasema watu waliomwandalia kifo, kwamba mtego utawarudia wao. Hapo pana hila, si uzembe. Ukimwandikia Asha hiyo umemfanya mwovu, na yeye kosa lake ni huruma iliyopitiliza. Iweke kwa yule aliyemchongea mwenzake: "mchimba kisima huingia mwenyewe".

Mkwezi_wa_Mvita

Nakubaliana na ndugu Kalamu ila kwa tahadhari. Nahau ya Kiingereza ni nyepesi, inapita ndani ya sentensi na msomaji anaendelea. Methali yetu ina uzito wa mzee aliyekaa kitini. Ukiweka tano katika ukurasa mmoja, kijitabu kitageuka khutba, na hakuna mtu mzima anayependa kusemwa hivyo na karatasi. Kwa hiyo nahau ipokelewe na nahau: kujipalia makaa, kuangukia pua, kwenda mrama. Methali iachie mahali ambapo mwandishi mwenyewe amesimama ili aonye.

Ya madaraja ndiyo pekee ningeipa methali bila kusita: "usitukane wakunga na uzazi ungalipo". Mbele ya kina mama huhitaji kuifafanua.

Na tena, huko kwenu mnasema "kitumbua kimeingia mchanga". Huku Kenya utasikia zaidi "maji yamezidi unga". Lakini angalia, si kitu kimoja. Mchanga umeingia, kitumbua hakiliki tena. Maji yakizidi, mambo yamekushinda, ila bado kuna anayefikiria kuongeza unga.

MachingaMstaafu

Mimi si mfasiri, nimeuza nguo mtaani miaka tisa. Sijawahi kusikia mfanyabiashara akisema biashara imeelea tumbo juu. Tunasema "biashara imekufa" au "mtaji umekata". Na mtu akitumia pesa za mzigo kwa sherehe, tunasema "amekula mtaji". Neno hilo linatisha kuliko risasi yako. Nimelisema mwenyewe mwaka ule nilipochangia harusi kwa hela ya kufungia mzigo wa Idi, nikabaki na hengazi tupu.

Vijana wakiwemo kikundini, tumia "amejifunga". Mpira kila mtu anaujua, na hakuna atakayeuliza goli lilikuwa la nani.

BintiKibibi

Hiyo ya kona nisaidie. Huku kwetu ni nani anayepaka sakafu rangi? Lakini kudeki kila mtu anadeki. Andika: "ni sawa na mtu aliyeanza kudeki mlangoni, akajikuta ukutani na sakafu yote imelowa". Siyo nahau iliyozoeleka, ni picha tu, lakini inaonekana.

Na ya pua, mwandishi kakurahisishia. "Kukomoa" ni neno letu na linatosha: "alitaka kumkomoa mshirika wake, akajikomoa mwenyewe". Pua iache usoni.

KalamuYaTanga

Binti, hiyo ya kudeki naichukua. Dada Ukili, mwandishi akieleza kwamba mtu alijua kabisa anaharibu lakini hasira zikamzidi, ongeza "hasira hasara". Maneno mawili tu, hayatakuwa khutba.

UkiliMwekundu

Wapendwa, nimerudi. Nimeandika upya sura nzima kwa kuuliza kila mahali: hapa kosa ni la namna gani? Madaraja yamekuwa wakunga, Asha amejipalia makaa, kona imekuwa kudeki, na ile petadi nimeihamishia kwa mwenye duka aliyemsingizia jirani yake wizi, ambaye kwenye rasimu nilimpita tu.

Jana nimewasomea tena. Kwenye wakunga walicheka kabla sijamaliza sentensi. Nilipofika "akala mtaji" hakuna aliyecheka. Yule mama wa kisu aliweka samaki chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mimi nilikula wangu kwenye arobaini ya mama. Endelea kusoma, huyo baadaye alifanyaje?"

Kijitabu hakisemi alifanyaje. Nimemwandikia mwandishi usiku huu huu kumwomba aongeze ukurasa mmoja. Mkuu Machinga, wewe uliinukaje baada ya ile harusi? Ukiweza kuniandikia hata mistari michache, nitawasomea Jumamosi.