Chemshabongo ya mafumbo kila siku kwa Kiswahili: inawezekana au tunalazimisha?

Mzee wa Visanduku

Wakuu, naleta hoja. Magazeti ya Kiswahili yawe na chemshabongo ya mafumbo kila siku, ile ya Kiingereza cha Uingereza, badala ya hii tuliyoizoea ya "Mji mkuu wa Kenya, herufi saba". Hii ya kwetu ni mtihani wa darasa la nne. Ukijua unajaza, usipojua unageuza ukurasa.

Kwa ambaye hajawahi kuijaribu: kila kidokezo kina nusu mbili. Nusu moja ni maana ya jibu, nayo lazima ikae mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. Nusu ya pili inakueleza jinsi ya kulijenga jibu kwa herufi zake. Zikiunganishwa, sentensi inasomeka kama habari nyingine kabisa, ndiyo inayokupoteza. Nimetunga chache nione kama lugha yetu inakubali (namba ya mabano ni idadi ya herufi za jibu):

"Si ugonjwa wa ngozi, ni mnyama (5)." Ugonjwa wa ngozi ni mba. Si na mba: SIMBA.

"Samaki waliovurugika huleta mvua (6)." Vuruga herufi za samaki, unapata MASIKA.

"Ameweka mbali, ndani kuna cha kufungia mbuzi (5)." Angalia ndani ya maneno "ameweka mbali". KAMBA imekaa humo humo, we-KA MBA-li.

"Ndoto isiyo na kichwa ya mdogo wake Kulwa (4)." Ondoa N. DOTO.

Inakubali, tena vizuri. Swali langu: kwa nini hatuna?

Bi wa Kisauni

Kwanza hongera kwa hiyo ya simba, nimecheka peke yangu. Lakini usituambie kama kwamba ni kitu kipya kilichoshuka na ndege. Pwani watu wamefumbana tangu zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alikuwa akirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati Mombasa na Lamu hazipikiki chungu kimoja, na asiyejua undani aliyasikia kama mapenzi au safari za baharini. Na kinyume je? Watu wa Unguja walikuwa wakisema maneno kwa kuitanguliza silabi ya mwisho ili wengine wasielewe, mpaka Edward Steere, mmishonari, akaiandika katika karne ya 19. Chukua neno siku, ligeuze kwa kinyume: KUSI. Kidokezo hicho: "Siku ikipinduka, upepo unavuma."

Hoja yangu ni hii. Ukitaka chemshabongo ya Kiswahili, kisanduku kimoja kiwe silabi moja, si herufi moja. Mswahili hasikii S-I-K-U, anasikia si-ku. Wajapani wanaandika hivyo hivyo, silabi moja kisanduku kimoja, na chemshabongo zao ziko sawa.

Halafu huyo Doto mimi simjui.

Mzee wa Visanduku

Bi mkubwa, Kulwa na Doto ni pacha. Bara ya Tanzania, hasa Usukumani, wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto. Lakini ona ulivyonisaidia bila kutaka. Humjui Doto, na bado jibu ungelipata, kwa sababu ndoto bila N haiwezi kuwa kitu kingine. Uzuri wa mchezo uko hapo. Kila kidokezo kina milango miwili, ukikuta mmoja umefungwa unapitia wa pili.

Kitendawili si hivyo. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Nani alisema ni yai? Bibi yako. Ningejibu jiwe, au boga, ungenithibitishiaje kwamba nimekosea? Kitendawili unakirithi, hukifumbui. Ndiyo maana tunatoa mji tukishindwa.

Kuhusu silabi nakataa. Kwa silabi, samaki haiwezi kuwa masika hata ukeshe, kwa kuwa sa-ma-ki haina "si" wala "ka". Utakuwa umeitupa nusu ya utamu.

Kondakta Mstaafu

Naomba nimwage maji ya baridi.

Mimi hizi za Kiingereza nazifanya, tena za gazeti lao la The Guardian, maana ziko wazi mtandaoni. Tatizo la kuzileta kwetu si akili za watu, ni vile visanduku. Chemshabongo ya Kiingereza ya aina hii imetobolewa kama jamvi: herufi moja inakatana na neno jingine, inayofuata haikatani, hivyo hivyo mpaka mwisho. Herufi zinazokatana ndizo msaada wako. Sasa neno la Kiswahili ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ukiruka moja moja, unapata irabu tupu au konsonanti tupu.

Chukueni neno "kalamu". Ikiwa zinazokatana ni herufi ya pili, ya nne na ya sita, mfumbuaji anaona A, A, U. Haya nitajieni: kalamu, salamu, karamu, haramu, hatamu. Maneno matano, na hata sijafungua kamusi. Neno linalofuata vilevile, na linalofuata. Msaada gani huo? Muingereza akiona herufi tatu kati ya sita, mara nyingi ameshamaliza kazi.

Ndiyo kusema umbo lenyewe limetengenezwa kwa lugha yao. The Times wameanza kuichapisha 1930, Daily Telegraph miaka mitano kabla yao, na kwa muda wote huo watunzi wao wamejijengea akiba ya vifupisho vya kupatia herufi za jibu: dira ina pande nne za herufi moja moja, namba za Kirumi, vyeo vya jeshi, mpaka kriketi. Sisi herufi moja moja tutazitoa wapi? Tukianza kusema "K ni Kusini" nani alikubaliana?

Mpita Njia

Siku hizi si unaipiga picha unaiuliza simu? Mjadala umeisha.

Mzee wa Visanduku

@Mpita Njia, hata kitufe cha kufichua jibu kipo, The Guardian wamekiweka wenyewe. Anayetaka akibonyeze. Na bao lina watu wanaoiba kete, halijafa.

@Kondakta, hiyo ya irabu imenikaa. Sina jibu kamili. Nadhani dawa ni kuacha umbo lao na kubana visanduku zaidi, ili herufi mbili zilizofuatana zikatane. Ka-, sa-, ha- unazitofautisha hapo hapo. Ni kazi ngumu kwa mtunzi lakini inawezekana, kwa sababu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu na yanaunganika kirahisi.

Kuhusu vifupisho sioni hasara. Tuna utajiri wa kwetu: maneno yenye maana tatu nne. "Panda, juu ya nyumba kuna mnyama (3)." PAA ni kupanda angani, ni juu ya nyumba, na ni mnyama wa porini. Kaa je? Tai? Mbuzi yenyewe, wa kuchinja na ya kukunia nazi!

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kimya nikisubiri mtu aguse jambo la msingi, naona hakuna. Nani mwamuzi?

Nianze na kitu kidogo. "Chombo kisicho kitamu." Jibu ni CHUNGU, chombo cha kupikia na ladha yake. Kizuri. Mabano yaandike ngapi, tano au sita? CH ni sauti moja, ila maandishi ni mawili. Waholanzi huiweka IJ yao kwenye kisanduku kimoja, kwa hiyo si ajabu. Lakini ukiamua CH ni kisanduku kimoja, basi SH, TH, DH, GH na NY zidai haki hiyo hiyo, na kila neno linalokatana hapo lazima nalo liwe na CH. Na ng'ombe? Ile alama ya juu inakaa wapi? Ukiipuuza, ng'oa inakuwa ngoa, ambayo ni neno jingine kabisa, ni wivu na tamaa.

La pili ni zito. Kiingereza kina maneno yanayosimama peke yake. Kiswahili kitenzi kimoja kinazaa sentensi. "Wameshatuandikia" ni neno moja kwa macho ya mpiga chapa. Linaingia kwenye visanduku? Ukisema ndiyo, mtunzi atajiponea kila akikwama, anabandika "ni" hapa na "ki" pale mpaka nafasi ijae. Ukisema hapana, yaani vitomeo vya kamusi tu, unabaki na shina tupu, "andika", na umeitupa sehemu hai ya lugha. Mimi nasema majina, vivumishi na vitenzi vya kauli zilizomo kwenye kamusi, basi. Andikia, andikwa, andikiana, ruksa. "Wameshatuandikia", nje.

Na kamusi ipi? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 na matoleo yake, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015? Ziko tofauti. Waingereza wanaofanya zile ngumu kabisa hutegemea kamusi ya Chambers, na ubishi wote unaishia pale. Bila mwamuzi mmoja, kila asubuhi mhariri atapokea simu kutoka Tanga.

Bi wa Kisauni

Kutoka Tanga tu mwalimu? Na Mombasa tutapiga, na Lamu!

Haya nami nimetunga yangu. "Njoo Mombasa na chombo cha maji (4)."

Kondakta Mstaafu

NDOO. Kimvita njoo ni ndoo. Nimeishi Likoni, hunikamati.

Lakini hebu tuulize. Mtu wa Mwanza au Lubumbashi atajuaje?

Bi wa Kisauni

Atajua kwa ile milango miwili mliyoisifu kwa Doto. Anajua chombo cha maji, ana herufi nne, na nimemwambia wazi "Mombasa". Nimemhadaa wapi? Waingereza wakitumia neno la Kiskoti wanadokeza Uskoti ndani ya sentensi, na hakuna anayelalamika. Nikitaka neno la Kiamu nitataja Lamu. Ninyi wa bara mmezoea kwamba lenu ndilo sanifu na letu ni lahaja. Chemshabongo ya namna hii ingewafundisha kwamba kuna Kiswahili nje ya mitihani.

Mwalimu wa Zamu

Kidokezo hicho nakipitisha. Ila sheria iandikwe: neno la lahaja litajiwe mahali pake, na liwe na mlango wa pili wa Kiswahili sanifu. Afrit, mtunzi wa Kiingereza, aliiweka kanuni ya mchezo huu mwaka 1949: mtunzi si lazima amaanishe anachosema, lakini lazima aseme anachomaanisha. Kwa kipimo hicho, ya samaki ya Mzee ina kasoro. "Samaki waliovurugika huleta mvua." Masika hailetwi na samaki, na masika ni majira. "Huleta mvua" si maana ya masika, ni kazi yake.

Mzee wa Visanduku

Duh. Basi iwe "Samaki waliovurugika majira ya mvua (6)".

Mwalimu wa Zamu

Hiyo sawa.

Kondakta Mstaafu

Mnaona? Mtu mmoja, kidokezo kimoja, na imechukua mjadala mzima kukisafisha. Ukurasa mmoja unataka vidokezo kama thelathini. Kila siku? Nani atavitunga, na atalipwa na nani? The Times na The Guardian wana kundi la watunzi wanaopokezana. John Graham, yule kasisi aliyejiita Araucaria, aliwatungia The Guardian zaidi ya nusu karne. Mwezi Januari 2013 aliwatangazia wasomaji kwamba ana saratani, ndani ya chemshabongo yenyewe, kwa majibu ya visanduku. Wasomaji walikuwa wanamjua kwa jina hilo la kubuni miaka na miaka. Mtunzi kama huyo hapatikani kwa tangazo la kazi. Sisi gazeti linawalipa malenga wake kwa kuwachapishia picha.

Sipingi tena mchezo. Napinga hiyo "kila siku".

Mpita Njia

Ila kuna faida. Nimesoma mahali kwamba Waingereza waliwapata wavunja siri za vita kwa hizi.

Mzee wa Visanduku

Januari 1942, Daily Telegraph waliandaa shindano la kumaliza chini ya dakika 12, na baadhi ya washiriki baadaye wakaitwa kufanya kazi ya vita. Ni kweli. Lakini sitaki tuiuze kwa hoja hiyo, watu wataanza kuwalazimisha watoto.

Kondakta, nakubali kulegeza. Jumamosi tu, visanduku vichache, vidokezo kumi na viwili. Herufi moja kisanduku kimoja, CH ni viwili, ng'ombe asubiri kwanza. Kamusi Kuu iwe mwamuzi.

Bi wa Kisauni

Silabi hamkuzipigia kura. Nami sikubali Kamusi Kuu iwe peke yake. Jumamosi wiki moja ya herufi, wiki inayofuata ya silabi, tuone watu wa wapi watajibu wengi. Ya silabi naitunga mimi.

Kondakta Mstaafu

Na malipo?

Bi wa Kisauni

Mchapishie picha yangu.