Mafundi mnaokata springi za watu bila ruhusa: huku ni Mtwara, siyo uwanja wa mashindano

Wakuu, heshima kwenu. Mods, uzi huu naomba msiuunganishe na ule wa "tujuzane kuhusu Subaru". Huku hatujuzani, huku nalalamika.

Gari ni Subaru Legacy B4 2.0GT, bodi ya BL5, otomatiki. Nimeipeleka gereji moja hapa mjini na kazi ya kueleweka: bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) za mbele, shokapu mbili za nyuma zilizokuwa zinavuja, na tairi mbili za mbele saizi ileile iliyomo, 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17). Nimeandika kwenye karatasi kabisa, kwa sababu nawajua watu.

Jioni naenda kuchukua gari nakuta limelala. Nikadhani tairi zimeisha upepo. Fundi anacheka: "Bosi, tumekupunguzia springi koili moja moja, sasa hivi limekaa kimichezo." Kimichezo! Springi za kiwandani zimepigwa grainda, vipande vimetupwa, na simu yangu walikuwa nayo. Nani kawatuma?

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, tairi za mbele wamefunga 205/50R17. Nauliza saizi yangu iko wapi, naambiwa "hiyo haipo mjini, hii ni ileile tu, tofauti ndogo". Kama haipo mjini si mnaniambia? Mzigo unapandishwa basi Dar leo, kesho uko stendi Mtwara. Watu wanaagiza mpaka injini kwa basi, sembuse tairi.

Sasa ngoja niwape hesabu ya hiyo "tofauti ndogo", maana najua kuna wadau humu wataniambia nakuza mambo. Tairi ya 215/45R17 ina kipenyo cha milimita 625 hivi. 205/50R17 ina karibu 637. Kwa mzunguko mmoja tu tairi ya mbele inaipita ya nyuma sentimita tatu na nusu. Kila kilomita, tairi za nyuma zinazunguka kama mara 9 zaidi ya za mbele. Kwenye gari la kuvuta miguu miwili, hiyo ni habari ya spidomita kudanganya kidogo, basi. Kwenye gari linalovuta miguu yote minne muda wote, hiyo tofauti lazima imezwe na kitu, na kitu chenyewe ni difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti. Legacy GT otomatiki inagawa nguvu 45 mbele na 55 nyuma, halafu kuna klachi za sahani zinazobana hiyo difu pale mbele na nyuma zinapozunguka tofauti. Kompyuta inaona tairi za nyuma zinazunguka kuliko za mbele, inadhani zinateleza, inabana. Inabana kutoka Shangani mpaka Lindi mjini, na hakuna kilichoteleza. Zile klachi zinaogelea kwenye oili ileile ya giaboksi, kwa hiyo oili inaungua, na baadaye ukikata kona ya kuegesha gari linagoma na kujivuta kama punda kwenye tope. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Mimi nimefungiwa 36. Giaboksi ikifa, nani ananunua nyingine? Fundi?

Ya tatu hii ndiyo imenipandisha presha. Nati za rimu mbili walizipoteza, wakanifungia za Toyota. Stadi za Subaru, yaani boliti za kushikia rimu, ni 12 kwa 1.25 (unene milimita 12, nyuzi kila milimita 1.25). Toyota na Mitsubishi ni 12 kwa 1.5. Nati ya Toyota ukiianzisha kwa mkono kwenye stadi ya Subaru inagoma baada ya mizunguko michache, na mtu mwenye akili anasimama hapo. Hawa wameipiga bunduki ya upepo mpaka ikaingia. Stadi nne zimekwisha nyuzi. Nimegundua kwenye maegesho ya sokoni, siyo kwenye mteremko wa Mikindani, namshukuru Mungu.

Narudi kulalamika kwamba gari linagonga, mnajua nimejibiwa nini? Dawa ya kugonga ni niongeze rimu 18! Wana seti pale ukutani, 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la milimita 114.3), na gari langu ni 5x100, ila nisijali, watafunga adapta. Yaani gari limefupishwa springi, sasa lifungwe tairi yenye ubavu mwembamba zaidi, juu ya adapta ya kuchonga, halafu ndiyo litaacha kugonga. Niliondoka bila kuaga.

Tuongee ukweli kuhusu njia zetu. Kutoka hapa kwenda Lindi ni kilomita mia na kidogo, kila kijiji kina rasta na tuta. Njia ya Masasi malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka usiku na mchana kuja bandarini, na sehemu nyingine lami imebonyea mifereji miwili ya magurudumu. Gari lililolala linapita pale linakwangua tumbo katikati, na tairi pana yenye ubavu mfupi inafuata kingo za mfereji, stelingi inakupokonya. Kwenda Dar ndiyo usiseme. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, waliopita mwanzo kwenye kifusi walipita na magari yaliyoinuka juu. Wenye gari la "kimichezo" walisubiri.

Na hata ukitoa mashimo yote, ukaniwekea lami ya kioo, springi ya kukata bado ni ujinga. Mbele ya Legacy, Impreza na Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) zote ni strati za MacPherson, yaani shokapu na springi kwenye mguu mmoja. Kiwandani loa amu imewekwa ikiwa karibu imelala. Ukishusha gari, ncha yake ya nje inapanda juu kuliko ya ndani. Hapo ile nukta ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka chini haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, kwa hiyo uzito unapata mkono mrefu zaidi wa kulilaza gari ubavu. Umekata springi ili gari lisilale kwenye kona, na ndiyo kwanza linataka kulala. Linalolizuia ni mpira wa stopa, maana shokapu imebaki na safari fupi na inafika mwisho kila tuta. Stopa ikigusa katikati ya kona, upande huo unakuwa mgumu ghafla na tairi inaachia lami. Wanaoshusha kwa kujua kazi wanafunga na boljointi ndefu kurudisha pembe ya loa amu, wanafunga shokapu za kuendana na springi, halafu wanapiga alaimenti. Grainda siyo mojawapo ya vifaa hivyo.

Najua kuna mdau wa Dar anachapa jibu sasa hivi: "uza hiyo Legacy, nunua Evo". Mkuu, pumzika kwanza. Hizo gari nimeziendesha zote tatu kwenye njia hii hii, STI (Impreza ya mashindano) ya rafiki yangu wa Lindi na Evo IX ya jamaa wa Masasi. Evo inakata kona kuliko zote, sibishi. Stelingi yake ni ya haraka, na ile AYC kwenye difu ya nyuma inapeleka nguvu gurudumu la nje, unaona pua inaingia ndani pale ambapo Subaru ingekuwa inasukumana kwenda nje. Ila ni gari la kukuchosha. Mtwara mpaka Mingoyo tu mgongo unaomba poo. Na Evo X usiniambie kabisa: pampu ya AYC imewekwa nyuma karibu na gurudumu, inapigwa maji na uchafu, na chumvi ya bahari ya kwetu mnaijua inavyokula chuma.

STI ni mtu wa kati. Unabana difu ya katikati mwenyewe kwa kiduara pale karibu na gia, na kwenye mchanga ile kitu ni tamu mno. Injini ya boksa imekaa chini, bodi haiyumbi ovyo. Lakini injini yote iko mbele ya ekseli, ukiingia kona na mwendo mwingi pua inakwenda moja kwa moja, ndiyo tabia ya Subaru na Audi pia. Legacy yangu ina tabia hiyohiyo na ni nzito kidogo kwenye hisia, ila nyuma ina multilinki iliyotulia, inameza rasta kwa adabu. Ilikuwa inameza, kabla ya grainda.

Kwa hiyo kwa hapa Kusini msimamo wangu huu: springi baki na za kiwandani, shokapu nzuri mpya, bushi zote nzima, na ukitaka kupunguza ile tabia ya pua kwenda nje, funga stabilaiza (chuma cha kuzuia bodi kulala ubavu) ya nyuma nene zaidi. Hiyo peke yake unaisikia kona ya kwanza tu, na gari halishuki hata milimita. Rimu 17 zinatosha. 225/40R18 ukifunga zote nne kwenye makaratasi inakaa, maana zote zinalingana, ila ubavu unapungua kutoka milimita 97 hadi 90 na uzito wa gurudumu unaongezeka, na shimo la njia ya Masasi halisomi makaratasi.

Na wauza rimu nanyi mnisikie. "Rimu za STI" siyo jibu. STI za kabla ya 2005 ni 5x100, kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Mteja wa Legacy akiuliza, mwambieni mwaka. Rimu nyingi za Toyota za 5x100 tundu la katikati ni 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1, haziingii, na mkianza kuzichonga mnaziharibu. Na hizi za kichina zenye tundu la 73.1 zinataka ringi za kujaza nafasi, la sivyo ikifika 90 stelingi inatetemeka na mteja anaambiwa "balansi haijakaa". Balansi imekaa, rimu ndiyo haijakaa.

Nimewaambia gereji nataka springi nne, stadi nne, nati zangu na tairi za saizi yangu, kwa gharama yao. Wanasema nilete springi wao watafunga bure. Bure! Jumatatu naenda na karatasi yangu ile niliyoandika kazi, na nisipoelewana nao nitauliza hapa hatua inayofuata, wanasheria wa jukwaani mjiandae.

Kwa sasa nahitaji: springi za BL5 GT mbele na nyuma, za mtumba ila hazijakatwa, na tairi mbili 215/45R17 zinazofanana na zilizopo nyuma kwa kuisha, siyo mpya kabisa. Mwenye nazo Mtwara, Lindi, Masasi au Dar aweke picha na bei hapa hapa. Mambo ya "njoo PM" sitaki.