Farasi wakishinda wasimame tu kama wamefungwa kamba? Kanuni hii imenichosha!

Jamani wachezaji wenzangu wa vita vya mezani, vya vikosi vya wanasesere na dadu, tangu Jumamosi nina hasira, leo naitoa: kanuni yetu haiwalazimishi farasi walioshinda kuwafukuza walioshindwa.

Tulikuwa kwa mwenzetu Mji wa Kale, tumepanga vita vya Raphia vya mwaka 217 KK. Mimi jeshi la Ptolemy wa Nne, mfalme wa Misri, yeye la Antiochus wa Tatu, mfalme wa Shamu. Farasi wake wa kulia wakawavamia wangu wa kushoto. Dadu moja kila mtu, ukijumlisha na nguvu ya kikosi: yeye 3 na 6, mimi 3 na 1. Tisa kwa nne. Sikufika hata nusu yake, kikosi changu kikaondolewa mezani. Hapo sina neno. Hata siku yenyewe upande ule ulishindwa.

Neno langu ni kilichofuata. Zamu yake ilipofika akawashika farasi wale wale kwa vidole viwili, akawageuza pale pale, kibao walichobandikwa kikikwaruza kitambaa cha meza, akawabandika mgongoni mwa askari wangu wa mikuki mirefu. Mchezo umekwisha, hata kahawa ya dele haijapoa! Nikamwita mwamuzi. Akafungua karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari: "Haikuandikwa kwamba mshindi lazima afukuze."

Haikuandikwa! Na Raphia iliamuliwa na nini basi? Antiochus alishinda upande wake wa kulia, akawafukuza walioshindwa mbali kabisa, mpaka mzee mmoja akamwonyesha vumbi lililokuwa likielekea kambi yao wenyewe. Wakati huo askari wake wa mikuki wa katikati walishakimbia. Demetrius naye katika vita vya Ipsus, 301 KK, aliwafukuza farasi wa mfalme adui, Seleucus. Alipotaka kurudi akakuta tembo wamemzibia njia, na baba yake Antigonus akauawa. Kwa kanuni yetu hii, wote wawili wangegeuka kwa raha zao na kushinda. Farasi aliyekwisha kushika mbio si kete ya bao, kwamba unamnyanyua na kumtia shimo unalotaka!

Najua mtaniletea vita vya Cannae, 216 KK, Hannibal wa Carthage alipowapiga Warumi. Ni kweli, Hasdrubal, kamanda wake wa farasi, aliwaachia Wanumidia, wapanda farasi wa Afrika Kaskazini, kazi ya kufukuza, akawageukia Warumi kwa nyuma. Ndiyo maana sisemi kila mshindi afukuze. Nasema atupe dadu ya pili. Akipata 5 au 6, amewazuia watu wake. Akikosa, wanafuata walioshindwa hadi ukingo wa meza, na kuwarudisha ni jasho lake.

Na tafadhali, msimwongezee alama eti kwa kuwa jemadari yuko pamoja nao. Raphia jemadari alikuwepo, na ndiye aliyekuwa akifukuza!

Vikosi vyangu nimevirudisha sandukuni, tembo na wote. Kanuni hii isipobadilishwa kabla ya Jumamosi ijayo, sivitoi.