Harusi za Mombasa zirudi kwenye lelemama?

Binti Kuze: Nimetoka harusini Majengo. DJ hakuacha wimbo hata mmoja ukafika mwisho, kila mtu jasho na kilemba kimemvuka. Kwa nini tusirudishe lelemama? Wanawake wajipange mstari, mikono iseme, shingo ijibu, papara isiwepo. Nyinyi mwaonaje?

Fundi AC: Kusimama mstari kama foleni ya feri Likoni ndiyo raha? Ngoma ya pole ni ya watu wasio na kazi kesho yake.

Mama Kibokoni: Ati wasio na kazi! Mamangu alikuwa akichoma mahamri alfajiri, akiuza, akifua, na usiku yuko kwenye lelemama. Vikundi vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana mji huu, wanawake walichanga pesa zao wenyewe, nguo sare, kila kitu. Wewe leo umeamka saa ngapi?

Bwana Turubai: Jamani, tazameni pesa. Zamani harusi ilikuwa kichochoroni, turubai juu, hakuna aliyekuwa na haja ya kutazama saa. Sasa ukumbi hukodishwa kwa saa. Pilau, keki, picha na bi harusi, hapo lelemama utaipachika wapi?

Fundi AC: Shikamoo mama. Nimeamka saa kumi na moja, saa hii niko juu ya paa la mtu Nyali.

Mama Kibokoni: Marahaba. Basi shuka paani kwanza ndipo uwaseme mama za watu.

Tudor Moja: Na chakacha je? Kiuno hakina subira kwenye chakacha, na bado ni yetu. Pole si lazima iwe ndiyo asili.

Mlamu: Mkitaka pole ya kweli, tazameni goma la Lamu. Wanaume na kanzu zao, bakora mkononi, hatua moja kwa utulivu kabisa. Nyinyi wa Mvita hodari wa kuazima tu. Hata Juma Bhalo wenu, mwimbaji wa taarab, aliazima kwa Wahindi.

Mama Kibokoni: Hapo umenichokoza. Mahadhi ya filamu za Kihindi ndiyo, lakini maneno? Mengi ni ya mshairi Ahmad Nassir, Kimvita kitupu, Kiswahili cha Mombasa. Watu walikaa chini wakausikiza ubeti mmoja na kuufikiria, hakuna aliyeruka. Bhalo alipofariki 2012 mji mzima ulilia.

Mlamu: 2014.

Mama Kibokoni: Sikukuuliza mwaka.

Tudor Moja: 😂 Lakini Mlamu ana hoja, mama. Mahadhi si ya kwetu.

Mama Kibokoni: Na ala za taarab je, udi na kanuni? Ziliota Bondeni? Kila kitu pwani kimekuja na jahazi, pamoja na babu yake huyo Mlamu.

Mlamu: Babu yangu usimtie humu. Ninachosema, kijana wa Mombasa mpe bakora, hata hatua kumi za goma hafiki, ashatoa simu.

Fundi AC: Unanisema mimi? Nitacheza goma mpaka mwisho, tena nikitoka kazini.

Binti Kuze: Niliuliza lelemama mimi. Ngoma ya wanawake! Mumeshaifanya ya wanaume.

Mlamu: Dada, tulia. Fundi, bakora ninazo. Sema lini.

Fundi AC: Jumamosi baada ya Isha.

Bwana Turubai: Na ukumbi analipa nani?