Mwendo wa macho utoshe kumtia dereva hatiani kwa dawa za kulevya?

Daktari wa macho: Napinga. Mtikisiko wa jicho, yaani nistagmasi, hausemi umeletwa na nini. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinaweza kuuleta, hata maradhi ya sikio la ndani. Wengine wamezaliwa nao. Bangi na heroini, kwa kawaida, haziuleti. Kwa hiyo mvuta bangi ataachiwa na mgonjwa wa kifafa atawekwa ndani.

Mkufunzi wa trafiki: Daktari, ndiyo maana hatuangalii mtikisiko peke yake. Heroini hubana mboni, kokeini huipanua, na bangi hufanya macho yashindwe kukutana kitu kikisogezwa kuelekea puani. Makosa mengi ni ya mpimaji. Kalamu anayoifuata dereva kwa macho ikae sentimita 30 hadi 38 kutoka usoni, juu kidogo ya usawa wa macho, kichwa kitulie. Jicho likifika mwisho pembeni, lishikilie hapo sekunde 4 kamili. Ukiharakisha utahesabu mtikisiko mdogo ambao hata mzima huwa nao, nao hutoweka upesi. Mgeuze dereva asitazame taa za king'ora wala magari yanayopita, maana hizo nazo hutikisa macho. Mboni zikitofautiana ukubwa, acha kupima, mpeleke hospitali: huenda ameumia kichwa.

Fundi wa vifaa: Basi kazi hiyo ipewe kamera ya infraredi, lakini si kamera yoyote. Ya picha 30 kwa sekunde hupiga moja kila milisekunde 33, na mruko mmoja wa jicho unaweza kwisha kabla ya picha ya pili. Ya picha 250 hupiga kila milisekunde 4, hapo kasi inapimika. Dereva aangalie kwanza nukta za kusawazishia kamera. Bila hizo, kusema mtikisiko umeanza kabla jicho halijafika pembe ya nyuzi 45 ni kukisia. Jua kali huharibu picha, na kope zilizolegea hufunika mboni.

Daktari wa macho: Kasi yenyewe ya jicho hupungua kwa usingizi kama inavyopungua kwa benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza.

Mkufunzi wa trafiki: Mwenye usingizi naye ni hatari barabarani!

Wakili: Ni hatari, ndugu mkufunzi, ashushwe kwenye usukani hapohapo. Lakini huwezi kumshtaki kwa dawa ambazo hakutumia. Damu nayo ina mipaka yake: kiini cha bangi hushuka haraka humo baada ya kuvuta, na kwa mtumiaji wa kila siku mabaki hudumu hata akiwa timamu. Ninachokubali ni kimoja: kipimo cha macho kiwe sababu ya kuchukua damu au mate, na video nzima ya macho, si alama ya mwisho tu, ikabidhiwe upande wa utetezi.