Albamu ya kwanza ya Joe Cocker (1969): ni kopi tu au ni kazi yake?

Kijana wa Kizota

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada wenu, maana nimebishana na jamaa yangu ninayekaa naye tangu Jumamosi mpaka tumenuniana. Iko hivi, mi ni mpenzi wa zile nyimbo za zamani za nje ambazo redio hupiga Jumapili, na Joe Cocker nilikuwa namjua kama wengi tunavyomjua, kwa You Are So Beautiful na ile aliyoimba na Jennifer Warnes mwaka 1982, basi. Juzi nikasema ngoja nimfuatilie tangu alikoanzia, nikakutana na albamu yake ya kwanza kabisa, With a Little Help from My Friends, ya 1969. Aisee. Bando lote la wiki limeishia humo.

Kilichonikamata ni huo wimbo uliobeba jina la albamu. Unaanza na ogani peke yake, taratibu, kama kanisani kabla watu hawajajaa, mara gitaa na dramu vinaangukia kwa pamoja kwa nguvu mpaka mara ya kwanza nilivua hedifoni nikidhani zimepasuka, halafu ghafla kila kitu kinatulia na yeye anaanza kuimba kwa upole kama mtu anayeongea na jirani yake barazani. Anapanda, anapanda, wale kina mama wa nyuma wanamuuliza na yeye anajibu, na kuna mahali anapiga ukelele mrefu mpaka sauti inachanika. Nimesikiliza peke yangu usiku taa imezimwa na machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Sasa jamaa yangu kaniambia huyo ni mpiga kopi tu. Nyimbo ziko 10, saba ni za watu, tatu tu ndo kaandika yeye na mpiga kinanda wake Chris Stainton, na huo wimbo ninaoulilia ni wa Beatles wa 1967 ambao Ringo, mpiga dramu wao, aliuimba kabla yake. Nikakosa la kumjibu. Moyoni najua hayuko sahihi ila maneno sina. Wajuzi wa muziki nisaidieni, tunaweza kuiita kazi kubwa albamu ambayo nyimbo zake nyingi ni za wengine?

Vidole Kumi

Ndugu yangu umegusa penyewe, mimi nakula kwa kupiga kopi, niko Mombasa napiga kinanda kwenye bendi ya hoteli mwaka wa kumi na nne sasa. Nikuambie tofauti. Kupiga kopi ni pale mgeni akifumba macho adhani ni ile ile ya kwenye redio, ndo kazi tunayolipwa, na si kazi ndogo. Alichofanya Cocker ni kinyume chake kabisa, ukifumba macho hujui kama ni wimbo ule ule mpaka ufike kwenye maneno.

Angalia mapigo kwanza. Ule wa Beatles unahesabika moja mbili tatu nne, unatembea kama mtu anaenda dukani akipiga mluzi, ni wimbo mchangamfu wa dakika mbili na nusu hivi. Cocker kauhamisha akauweka kwenye tatu, ule mwendo wa sita kwa nane unaoyumba, na sisi watu wa pwani huo mwendo tunaujua vizuri maana chakacha inatembea humo humo ila yenyewe ina kasi. Sasa ukiuchukua mwendo huo ukaupunguza mwendo kabisa, katikati ya pigo na pigo panabaki nafasi kubwa, na mwimbaji mwenye kifua anaijaza hiyo nafasi na chochote alichonacho. Ndo maana wimbo umevuka dakika tano na hakuna sehemu unayotamani waikate.

Siku moja tuliujaribu mazoezini. Dramu wetu ni kijana mzuri sana, hakosi, lakini tulirudia mara sita ikawa haikai, maana kila akiona ile nafasi anataka kuiziba kwa vibwagizo. Tukamwambia acha, ngoja, usipige kitu. Alipoacha ndo ikakaa, na dada yetu anayeimba alipofika kwenye kuuliza na kujibu akasimama akasema nipeni maji kwanza.

Halafu usiupite wimbo wa kwanza, Feeling Alright. Huo ni wa Dave Mason wa bendi ya Traffic, ulitoka 1968, na kwao ni wimbo wa mtu aliyevunjika moyo, umepoa umejikunyata. Cocker kautia piano ya Artie Butler, na hiyo piano masikio ya hapa kwetu yataitambua mara moja, inazunguka zunguka vile vile kama piano za Kuba zilizokuja na zile santuri za GV na kuwafundisha Wakongo rumba. Ukiwa umekulia kwenye rumba miguu inaanza yenyewe kabla hujajua anaimba nini. Maneno ni ya huzuni, muziki unacheza. Mwambie jamaa yako alete kopi inayofanya hivyo.

Babu Santuri

Wanangu nimefurahi kuona vijana mnaongelea haya. Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi na sita, nakaa Kariakoo, na soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ilikuwa ndo kila kitu kwetu, Otis Redding, James Brown, Aretha, Wilson Pickett. Kuanzia mavazi mpaka namna ya kutembea. Novemba mwaka ule ule serikali ya mkoa ikapiga marufuku soul kwenye kumbi za Dar, hoja ikiwa kulinda utamaduni wetu, na magazetini watu wakaandikiana barua za kubishana kwa wiki nyingi. Kwa hiyo tukawa tunaisikilizia vyumbani, madirisha yamefungwa, na chumba kina joto la Dar mnalijua wenyewe.

Mtaani kwetu kulikuwa na baharia, akirudi safari anakuja na santuri mbili tatu. Nadhani ilikuwa 1971 alipokuja na hiyo ya Cocker. Tulikuwa vijana kama saba tumekaa sakafuni. Ilipofika I Shall Be Released, ule wa mwisho, wimbo wa Bob Dylan, hakuna aliyeongea. Sote tulidhani anayeimba ni Mmarekani mweusi, tena mtu mzima wa makamo aliyepitia mengi. Baharia akasema huyu ni Mwingereza mweupe, kijana tu, hata thelathini hajafika. Tukambishia mpaka usiku.

Nilikuja kuamini nilipoiona filamu ya Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki la Marekani. Yuko pale na fulana yake ya rangi rangi, nywele zimemwagika, vidole vinatetemeka na kupiga gitaa ambalo halipo, mwili mzima unavutwa na wimbo. Ilikuwa Jumapili tarehe 17 Agosti 1969, mbele ya watu laki kadhaa. Na sikilizeni kitu kimoja, siku ile wale kina mama wa kwenye santuri hawakuwepo, zile sauti nyembamba za juu waliziimba wanaume wa bendi yake ya Grease Band huku wanapiga gitaa na besi. Alipomaliza tu dhoruba ikashuka, shughuli ikasimama kwa saa kadhaa.

Kwa swali lako mwanangu, sisi mle chumbani hatukuuliza ni wimbo wa nani. Tuliuliza anayeimba ni nani.

Binti Ngamiani

Shikamoo Babu, nimesoma hiyo ya madirisha mara mbili.

Mi ntapingana kidogo ila kwa heshima. Albamu naipenda, ninayo kwenye simu miaka sasa, lakini tusiseme kila wimbo kaumiliki. Just Like a Woman ya Dylan kwangu haijakaa, ule ni wimbo wa kunong'ona, una kejeli na maumivu vimefichwa pamoja, na yeye kaupaka hisia juu juu yakafunikwa yote. Na Don't Let Me Be Misunderstood, jamani, Nina Simone aliutoa 1964, The Animals wakauchukua 1965 wakaufanya wa kukimbia, ndo ukamfikia Cocker. Yeye kaurudisha kwenye upole na nampa maksi kwa hilo, anauimba kama mtu aliyekosana na mkewe na hajui aanzie wapi. Ila ukitoka hapo ukamsikiliza Nina, utaona bado Nina yuko mbali. Yeye haombi kueleweka, anakutazama usoni.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi nataka liingie kwenye huo ubishi wenu. Mnasema soul ya Cocker, soul ya Cocker, haya, hiyo soul imetoka wapi? Kajifunza kwa Ray Charles, hilo hajawahi kulificha. Na humo ndani ya albamu sikilizeni hao mnaowaita kina mama wa nyuma, wana majina. Kuna Madeline Bell, Mmarekani mweusi aliyefika Uingereza na onyesho la nyimbo za injili akabaki huko. Kuna Rosetta Hightower aliyekuwa anaongoza kundi la The Orlons. Kwenye Feeling Alright kuna Merry Clayton, huyo huyo ambaye mwaka 1969 aliimba Gimme Shelter na Rolling Stones mpaka sauti ikapasuka. Hawa wamekulia kwenye kwaya. Jaribu kuisikia hiyo albamu bila wao, inabaki nusu. Kijana wa Kizota umesema mwenyewe, wanamuuliza na yeye anajibu. Bila muulizaji angekuwa anamjibu nani?

Kwa hiyo kwangu ni kazi kubwa ndiyo, kubwa sana, ila ni ya watu wengi, na sifa ziende kwa wote.

Bye Bye Blackbird mmeisahau. Wimbo wa 1926! Watu walikuwa wanauimba kwa kuchezesha mabega, yeye kaushusha mwendo ukawa wa mtu anayefunga mizigo alfajiri wenzake wamelala. Nikiwa safarini ndo huo.

Vidole Kumi

Dada umesema kweli kuhusu hao waimbaji, nimekubali, ningewataja mwanzoni. Just Like a Woman tutabishana siku nyingine.

Msafiri Yorkshire

Nimechelewa kuingia. Niko Sheffield mwaka wa tisa, mji aliozaliwa Cocker, 20 Mei 1944, na huku wazee wanamuongelea kama mtu wa mtaani. Kabla ya umaarufu alikuwa fundi wa gesi, mchana anafunga mabomba, usiku anaimba baa akijiita Vance Arnold.

Sasa kwa huo ubishi wa kopi kuna ushahidi ambao hamjautaja. Mwaka 1964 kampuni ya Decca ilimpa nafasi akatoa singo yake ya kwanza, na unajua ilikuwa nini? I'll Cry Instead, wimbo wa Beatles vile vile. Haikwenda kokote, akarudi kwenye gesi. Miaka minne baadaye anachukua wimbo mwingine wa Beatles na Novemba 1968 unashika namba moja Uingereza. Mwimbaji huyo huyo, wenye nyimbo hao hao. Ukiisikiliza ile ya 1964 unamsikia kijana anaimba wimbo wa watu vizuri tu, anaupitisha salama. Hii ya pili kaubomoa mpaka msingi akaujenga kwa vipimo vyake. Mpe jamaa yako zote mbili azisikilize, ya 1964 na ya 1968.

Na wenye wimbo hawakulalamika. Cocker alipofariki Desemba 2014, Paul McCartney wa Beatles alisema aliugeuza ule wimbo kuwa wa soul kabisa na kwamba anamshukuru daima kwa hilo. Aliyeuandika ndo anasema hivyo.

Kitu kingine, waliompigia. Jimmy Page yuko humo, mwaka 1968 ndo anaanzisha bendi ya Led Zeppelin, kwa hiyo ile gitaa iliyokufanya uvue hedifoni ni yake. Steve Winwood wa Traffic yuko kwenye ogani katika baadhi ya nyimbo. Ile ogani ya mwanzo unayoisema kama ya kanisani ni ya Tommy Eyre, na yeye kijana wa Sheffield.

Kijana wa Kizota

Wakuu asanteni mno, sikutegemea. Babu, Binti Ngamiani bado anakudai marahaba, na mimi shikamoo yangu hiyo hapo.

Nilete mrejesho. Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, hakuna pa kwenda, tumekaa sebuleni na jamaa yangu kila mtu na simu yake na hatuongei. Nikamrushia hedifoni bila kusema neno. Nikaanza na ile ya Ringo, kasikiliza yote, katikisa kichwa kidogo, nzuri. Halafu nikamwekea ya Cocker. Ilipoingia ile gitaa alishtuka kama mimi, nikamuona kabisa kwa mwanga wa simu. Katikati ya wimbo kafumba macho na kidole kinapiga mkono wa kiti, moja mbili tatu, moja mbili tatu, bila kujua. Ulipoisha akavua, kakaa kimya, akasema bado ni wimbo wa Beatles. Nikasema sawa. Akasema hebu rudisha pale mwanzo, huyu anayepiga dramu ni nani?

Nikakwama hapo, simjui. Mpaka sasa ananiuliza.

Vidole Kumi

B.J. Wilson, wa bendi ya Procol Harum. Mwambie asikilize anavyochelewesha kidogo kila akitaka kurudi kwenye korasi. Dramu wetu nimemtumia hiyo ngoma usiku huu huu.